Ripoti yangu imetoka na asilimia 38 ya kufanana. Nimlipe mtu aishushe?

Swali

Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niko Dodoma. Nimeandika ripoti ya utafiti kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ambayo halmashauri inavipa vikundi vya wanawake. Supavaiza ameipitisha kwenye Turnitin, ile programu ya kupima kufanana, imetoka na asilimia 38. Chuo kinataka isizidi 20 na nimepewa wiki mbili. Kuna kaka wa stesheneri karibu na hosteli anaishusha kwa shilingi 80,000. Rafiki yangu anasema nisipoteze hela, niitumbukize tu kwenye akili mnemba iandike upya. Naapa sijaiba kazi ya mtu. Kiingereza ndicho kinanipa shida, kwa hiyo kuna sehemu nilichukua sentensi nikabadilisha maneno mawili matatu. Halafu kuna madodoso 12 kati ya 60 hayakurudi, nikayajazia mwenyewe kwa kufuata wenzao walivyojibu, ila hayo hayaonekani kwenye Turnitin. Naomba ushauri, nisije nikadisko mwishoni kabisa.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole na presha ya wiki mbili.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho limeiruka ile asilimia 38 likaenda kutua kwenye madodoso 12. Umeyataja mwishoni, kwa kupita, tena ukijifariji kwamba Turnitin haiyaoni. Mimi naanza na hayo. Asilimia 38 inarekebishika kwa siku tano za kukaa chini na kuandika. Lakini madodoso uliyojaza mwenyewe yakibaki humo, hakuna uandishi utakaoiokoa ripoti, kwa sababu kile ulichokwenda kukichunguza kitakuwa kimechanganyika na ulichokibuni, na msomaji hana namna ya kuvitenganisha.

Hebu tuwafikirie hao wanawake 12. Kwa nini hawakurudisha? Utafiti wako unauliza habari za mkopo. Mama ambaye kuku wake walikufa kwa kideri, kikundi kimesambaratika, na mwenyekiti anamdai rejesho la miezi minne, huyo ndiye mwenye sababu ya kumkwepa binti aliyeshika karatasi inayouliza kama mkopo umemsaidia. Mama ambaye genge lake linakwenda vizuri hana haja ya kujificha, atakupa na kigoda ukae. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wale 12 walikuwa na habari tofauti na wale 48, na kwamba kule kutorudisha kwao tayari kulikuwa kunasema kitu. Wewe ukawajazia maneno ya wenzao.

Fedha zenyewe unazozichunguza ni za umma. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na sehemu ya mapato hayo inatokana na ushuru ambao akina mama haohao wanaulipa sokoni. Ofisa maendeleo ya jamii akiisoma ripoti yako, au mwanafunzi wa mwakani akiinukuu, atawahesabu wanawake 12 ambao hawakusema neno.

Chukua hesabu ya mfano uone uzito wake. Tuseme swali la kama kipato kimeongezeka lilijibiwa "ndiyo" na watu 34 kati ya 60. Hiyo ni karibu asilimia 57, na wewe umeandika kwa kujiamini kwamba wengi wamenufaika. Sasa tuseme 9 kati ya hizo "ndiyo" ni za kalamu yako. Ukizitoa zinabaki 25 kati ya 48, yaani asilimia 52. Hapo huwezi tena kuandika "wengi" bila kusita. Inakubidi uandike kwamba walionufaika na wasionufaika wanakaribia kulingana, na hilo ni tokeo jingine kabisa.

Na si kweli kwamba hayaonekani. Dodoso lililotoka kwa watu lina mikunjo. Lina doa la mafuta ya mandazi. Moja limejazwa kwa kalamu ya bluu, jingine kwa nyeusi iliyoisha wino katikati. Kuna mama amegoma kutaja umri wake, mwingine ameruka swali la 11 kwa sababu mtoto alilia, mwingine ameandika pembeni "hii sijaelewa". Mwaka mmoja mwanafunzi aliniletea madodoso 40 kwenye bahasha. Nilianza kuyapanga mezani safu kwa safu, yeye amesimama. Yote yalikuwa yamenyooka kama noti mpya. Alama za vema zote zililalia upande mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeacha swali wazi. Sikuwa nimesema kitu. Nilipofika safu ya tatu akasema kwa sauti ya chini, "Dokta, naomba niyachukue." Alirudi baada ya majuma matatu na madodoso 31, machafu, yamekunjamana, mengine yana majibu nusunusu. Alama aliyopata ilitokana na hayo 31.

Wapo waliofanya hivyo kwa kiwango kikubwa. Diederik Stapel alikuwa profesa wa saikolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, mtu wa kualikwa na kusikilizwa. Mwaka 2011 ikabainika kwamba kwa miaka mingi alikuwa akibuni data. Madodoso yalitungwa vizuri, ila watu wa kuyajibu hawakuwepo. Makala zake zaidi ya 50 zilifutwa na majarida. Waliomfichua walikuwa watafiti vijana waliofanya kazi karibu naye, walioona namba ni nzuri kupita kiasi. Kinachoniuma zaidi ni wanafunzi wake wa udaktari, ambao aliwapa data hizo wazitumie bila wao kujua. Waliandika tasnifu zao kwa jasho la kweli juu ya watu ambao hawakuwahi kuulizwa chochote.

Basi, madodoso 12 yatoke. Kabla hujagusa sura ya pili, kabla hujawaza Turnitin, fungua faili lako la SPSS au Excel, uzifute zile safu 12, urudie majedwali yote. Kisha katika sura ya tatu andika kwamba madodoso 60 yaligawiwa na 48 yalirudi, sawa na asilimia 80. Hakuna mtahini mwenye akili timamu atakayekuonea kwa hilo. Watu kutorudisha dodoso ni jambo la kila siku, na kila anayefanya utafiti wa uwandani analijua. Halafu kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti ongeza aya moja ukieleza nilichokueleza hapo juu, kwamba huenda wasiojibu ni wale waliokwama na mkopo, kwa hiyo matokeo yanaweza kuonyesha nafuu kuliko hali ilivyo. Aya hiyo itamwonyesha mtahini kwamba unaielewa kazi yako.

Nenda kwa msimamizi wako umwambie. Najua hapa ndipo tumbo linapokukata. Sema kwa ufupi, bila hadithi ndefu: "Dokta, madodoso 12 kati ya 60 hayakurudi, nikayajazia mwenyewe. Nimetambua nimekosea, nimeyatoa na nimerudia uchambuzi. Naomba mwongozo wako." Siwezi kukuahidi atakavyolipokea. Ninachokijua ni kwamba ripoti yako bado ni rasimu. Kosa linaloletwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye rasimu kwa kawaida hupokewa kama la kusahihishwa. Likigunduliwa kwenye kazi iliyokwisha kusainiwa ukurasa wa tamko, ule unaoanza kwa kusema kazi hii ni yangu mwenyewe, linakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe uchi umeshanionyesha mimi ambaye hata hunijui. Aliye na uwezo wa kukusaidia yupo ofisini kwake.

Sasa tuje kwenye hiyo 38.

Turnitin haijui wizi. Inajua kufanana. Inachukua maandishi yako, inayalinganisha na kurasa za intaneti, na majarida, na kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa humo, kisha inakuambia sehemu gani zinafanana na nini. Orodha yako ya marejeleo itafanana na orodha za wengine, lazima, kwa sababu kichwa cha kitabu hakibadiliki. Ukurasa wa tamko unafanana na wa wenzako wote. Jina la sheria, jina la wizara, maswali ya dodoso uliyoyaweka kwenye kiambatisho, vyote vinahesabiwa kama havikuondolewa. Usikubali kuambiwa namba tu. Omba ripoti nzima yenye rangi, na uulize kama marejeleo na nukuu zilizo ndani ya alama za kunukuu zimeondolewa kwenye hesabu. Huenda ukakuta pointi 12 au 14 zinaondoka bila wewe kuandika neno.

Lakini usishangilie mapema. Namba ndogo nayo haimsafishi mtu. Nimewahi kurudisha kazi ya kurasa 14 iliyokuwa na asilimia 7 pekee, kwa sababu hiyo 7 ilikuwa ukurasa mmoja mzima wa tasnifu ya mtu mwingine, umebebwa kama ulivyo, na mwenyewe hakutajwa. Kwa hiyo pitia rangi moja baada ya nyingine ukijiuliza: hapa msomaji anaweza kujua maneno haya ni ya nani na wazo hili limetoka kwa nani? Rangi ambayo jibu lake ni hapana ndiyo ya kushughulikia.

Kwa ulivyojieleza, rangi nyingi zitakuwa sura ya pili, kwenye mapitio ya maandiko, pale ulipobadilisha maneno mawili matatu. Ngoja nikuonyeshe kwa mfano. Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, tuseme imo kwenye makala ya mwandishi tutakayemwita Fulani, ya mwaka 2019:

"Vikundi vinavyokutana kila wiki hurejesha mikopo kwa wakati kuliko vinavyokutana mara moja kwa mwezi, kwa sababu wanachama hufahamiana zaidi na huogopa kuaibika mbele ya wenzao."

Nadhani wewe ulifanya hivi:

"Vikundi vinavyofanya mikutano kila juma hulipa mikopo kwa muda uliopangwa kuliko vile vya mara moja kwa mwezi, kwa kuwa wajumbe hujuana zaidi na huhofia kufedheheka mbele ya wenzao."

Wiki imekuwa juma, kuaibika kumekuwa kufedheheka. Mwili ni uleule, umebadilishwa kanga. Hata ukiweka "(Fulani, 2019)" mwishoni, bado haijakaa sawa. Marejeleo hayo yanasema wazo ni la Fulani, lakini msomaji ataamini sentensi ni yako, na si yako. Ukitaka sentensi yake, inukuu neno kwa neno ndani ya alama, na namba ya ukurasa. Ukitaka wazo lake, lichukue wazo uache sentensi. Kwa mfano:

"Fulani (2019) anaona aibu ndiyo inayofanya watu walipe: anayeonana na wenzake kila juma hana pa kujificha. Katika vikundi nilivyotembelea hali ilikuwa tofauti. Waliokutana kila wiki walidaiwa sawa na wengine, na walipoulizwa sababu walitaja ukame."

Habari ya ukame nimeibuni ili mfano ukamilike, wewe weka ulichokikuta. Ila ona kilichotokea. Fulani amepewa chake kwa jina, na wewe umeingia kwenye mazungumzo ukiwa na cha kwako. Turnitin haitapaka rangi pale, na hata isingekuwepo, kipande hiki kingebaki bora kuliko kile cha kwanza.

Unasema tatizo ni Kiingereza. Nakuamini, maana nami nilipita njia hiyohiyo. Shule ya msingi tunasoma kwa Kiswahili, tunafika kidato cha kwanza mwalimu anaingia na lugha nyingine, na tangu siku hiyo wengi wetu tunajifunza kwamba usalama upo kwenye kuinakili sentensi ya kitabu kama ilivyo, kwa sababu ya kwako itakosewa. Tukiwa sekondari tulisifiwa kwa hilo. Tukifika chuo kikuu tunaadhibiwa kwa hilohilo, na hakuna aliyetuketisha akatuambia kanuni imebadilika lini. Sisemi hivi ili kukupa kisingizio. Nasema ili ujue kwamba unayoyafanya ni mazoea uliyofundishwa, na mazoea yanaachika.

Dawa ninayowapa wanafunzi wangu ni Kiswahili chenyewe. Soma aya ya makala mpaka uielewe, kisha ifunike. Mgeukie mwenzako wa chumbani umsimulie kwa Kiswahili kama unamsimulia habari ya mtaani: "Huyu bwana anasema wanaokutana kila wiki wanalipa vizuri, kwa vile wanaogopa aibu." Ikiwa hakuna mtu, jirekodi kwenye simu. Ukishindwa kusimulia, hujaielewa, rudi ukasome tena. Ukiweza, geuza usimulizi wako huo kuwa Kiingereza cha sentensi fupifupi, za maneno nane au kumi. Baada ya hapo fungua makala ulinganishe, usije ukawa umempotosha mwandishi, na palepale uandike jina, mwaka na ukurasa kabla hujaifunga. Ukisema marejeleo utaweka baadaye, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya hutakumbuka nini kilitoka wapi. Mtahini hatafuti Kiingereza cha madoido. Nampa alama aliyeandika wazi na kusema kitu, hata akikosea viambishi vya wakati.

Tahadhari moja. Kuna wanaodhani wakichukua makala ya Kiswahili wakaitafsiri kwa Kiingereza wamesalimika, kwa sababu mashine huenda isiione. Mwenye makala bado yupo. Hata ukitafsiri, mwenyewe lazima atajwe.

Nawasikia wengine wakisema mambo haya ya kutaja vyanzo ni ya Wazungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Sisi ndio watu wa kusema "wahenga walisema" kabla ya kutoa methali, ili asije mtu akadhani tumeitunga wenyewe. Huku pwani mwanachuoni anapopokea elimu hupewa ijaza inayotaja amesoma kwa nani, naye alisoma kwa nani, mpaka juu kabisa. Hadithi ya Mtume isiyo na mlolongo wa wapokezi haipokelewi hivihivi, hata maneno yake yawe matamu vipi. Kumtaja uliyemchukulia ni adabu ya elimu tuliyokuwa nayo kabla chuo kikuu cha kwanza hakijajengwa katika nchi hizi.

Kuhusu kaka wa stesheneri, jibu langu ni usimpe hela wala usimpe faili. Sijui yeye anatumia njia gani, lakini njia zenyewe ni chache na zote nimeziona. Ya kwanza ni programu ya kubadilisha maneno. Mwaka 2021 watafiti walioongozwa na Guillaume Cabanac walionyesha makala za kisayansi zilizopitishwa kwenye programu za namna hiyo, ambamo jina la Kiingereza la saratani ya matiti lilitoka likiwa "bosom peril", kama vile mtu aandike kwa Kiswahili "hatari ya kifuani". Ya pili ni kuchomeka herufi za alfabeti ya Kirusi zinazofanana na zetu, au kuficha herufi nyeupe kati ya maneno, ili mashine isiyatambue. Turnitin ina alama maalumu ya kumwonyesha mwalimu vitu hivyo, na hapo umetoka kwenye uzembe wa kunukuu umeingia kwenye ulaghai wa makusudi. Isitoshe, akiijaribu ripoti yako kupitia akaunti ya chuo kingine na ikahifadhiwa humo, siku msimamizi wako akiipitisha yako halali itafanana na yenyewe kwa karibu asilimia 100. Na faili litabaki kwenye kompyuta yake. Mwakani litauzwa kwa mwingine, na data za akina mama uliowaahidi siri.

Ninalo jambo moja ambalo halinitoki. Kijana mmoja alikuja kwenye utetezi na ripoti nzuri mno. Mjumbe mmoja wa jopo la watahini akamwomba aeleze neno moja la sura ya tatu, la jinsi alivyochagua sampuli. Akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kiyoyozi kilikuwa kinasikika. Nilikuwa nimemfundisha miaka miwili, namjua, darasani alikuwa anauliza maswali yaliyonifanya nikaandae upya masomo yangu. Angeandika kwa mkono wake kazi ya kawaida angefaulu. Alikuwa amemlipa mtu kwa sababu ya woga tu. Baadaye nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, na nikakosa la kumwambia.

Biashara hii imeota mizizi mbali zaidi ya hosteli yenu. Nairobi wapo wahitimu wengi wanaoishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, na mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria ya kuharamisha kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England. Mimi huwa nafikiria vichwa vile vya Nairobi, vinavyoweza kuandika juu ya somo lolote usiku mmoja, na jina linaloandikwa juu ni la mtu mwingine kila mara.

Rafiki yako na akili mnemba yake je? Kwanza tafuta kanuni ya chuo chenu au muulize msimamizi, maana vyuo havifanani katika hili. Kama wanaruhusu, kuiomba ikueleze dhana uliyoshindwa kuielewa kitabuni hakuna ubaya, na kuiomba ikusahihishie sarufi ya aya uliyoiandika mwenyewe kunaweza kukubalika ukisema wazi kwamba ulifanya hivyo. Kuipa sura nzima iandike upya ni kumpa yule wa stesheneri kwa bei ya bure. Usiipe madodoso yako wala majina ya vikundi, kwa sababu uliahidi siri kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso. Na usichukue marejeleo kutoka kwake hata siku moja bila kuyaona kwa macho yako. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili waliwasilisha mahakamani kesi sita walizopewa na ChatGPT. Kesi hizo hazikuwahi kuwepo. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000, wao pamoja na ofisi yao. Ile ni mashine ya kupanga maneno yanayofanana na ukweli, na jina la mwandishi, mwaka na jarida ni maneno kama mengine kwake.

Upo upande wa pili ambao walimu wenzangu nao wanapaswa kuusikia. Vipimo vya kutambua maandishi ya mashine vinakosea, na vinatukosea sisi zaidi. Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vipimo saba. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Sentensi fupi na msamiati wa kawaida, yaani uandishi uleule niliokushauri, ndivyo vinavyovichanganya. Kwa hiyo jilinde. Kila siku unapoandika, hifadhi rasimu yake kwa tarehe. Usitupe daftari la maelezo, usifute zile rekodi za simu, na ukiweza andikia Google Docs, ambayo inatunza historia ya mabadiliko. Siku mtu akikushuku, weka mezani ushahidi wa jinsi kazi ilivyokua kutoka aya mbovu ya kwanza.

Msaada wa watu usiukatae. Mwenzako akisoma sura yako akakuuliza "hapa unamaanisha nini?", huo ni msaada mkubwa. Mwalimu wa Kiingereza akikunyooshea sarufi, mtaje kwenye shukrani.

Wiki mbili zinatosha. Siku tatu za kwanza ni za data na majedwali, pamoja na kumwona msimamizi. Kisha sura ya pili, aya mbili au tatu kwa siku kwa njia ya kufunika na kusimulia. Sura ya nne utaigusa tena kwa sababu asilimia zitakuwa zimebadilika, na maelezo chini ya kila jedwali lazima yafuate namba mpya. Angalia na sura ya tano, maana mapendekezo yako huenda yalijengwa juu ya wale 12.

Halafu, kama bado una namba zao za simu, muulize msimamizi kama anaruhusu uwapigie. Si wote watapokea. Usianze na dodoso, anza na salamu, waambie hujatumwa na halmashauri kudai rejesho, na kwamba asiyetaka kujibu hatalazimishwa. Watakaokubali, waulize maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na uandike kwenye sura ya tatu wangapi walijibu kwa simu na tarehe gani. Piga jioni, saa moja kuendelea, wakishafunga biashara.